Mbao Zielekee Mlangoni

Tarehe 3 Februari

Kaka yangu,

Natumaini barua hii imekukuta mzima na umekaa chini, maana ukisoma umesimama unaruka mistari. Huku hatujambo. Cherehani yangu imetoka kwa fundi na sasa inashona kama iliyopewa adhabu. Sare za shule zimejaa dukani hadi wateja wanakosa pa kukaa. Mtoto wangu wa mwisho ameota meno ya mbele na anajiona mzee. Mama anakusalimu. Anasema simu zako hazimshibishi, zinakatika kabla hajakugombeza vizuri, kwa hiyo wewe endelea kuandika na mimi nitaendelea kumsomea.

Sasa jambo lenyewe. Tangu macho ya Mama yalipozimika kabisa mwaka jana, anashinda kwenye kiti chake pale sebuleni. Miguu anayo, tena mizuri. Tatizo ni sakafu. Mchwa wamekula mbao za ukumbi kuanzia chumbani kwake hadi sebuleni, nyingine zimeinuka, nyingine zimebonyea, na mwezi uliopita alijikwaa akaanguka, akateguka mkono. Tangu siku hiyo hainuki mpaka ashikwe. Hata kwenda bafuni ananisubiri nitoke dukani, na wewe unamjua Mama, unajua jambo hilo linavyomla.

Shangazi alikuja kumwona. Si unamjua ndugu wa baba, akishasema amesema. Ametangaza kwamba mwisho wa Juni anakuja na gari kumchukua wifi yake akakae kwake, na nyumba ifungwe. Mama alimjibu, "Humu nikitoka nimetoka moja kwa moja. Kwako sijui hata mlango wa choo uko upande gani. Nitaongozwa kama gurudumu mpaka nife." Wakavutana hadi chai ikapoa. Mwisho tukapatana hivi: shangazi akija akamkuta Mama anatembea nyumbani kwake mwenyewe, bila kushikwa na mtu, atageuza gari lake. Asipomkuta hivyo, anaondoka naye.

Nimeamua tuweke sakafu mpya ya mbao ngumu, sebuleni na ukumbini. Fundi ananiuliza: tunataka mbao tupu, zikishawekwa zipigwe msasa na vanishi humu humu ndani, au zile zinazokuja kutoka kiwandani zimeshapakwa kila kitu? Mimi najua vitambaa. Mwenye sakafu katika ukoo huu ni wewe. Niambie tuchukue zipi, na niambie unakuja lini na mashine yako ya msasa.

Mdogo wako,
Mkasi


Tarehe 24 Februari

Mkasi, mdogo wangu,

Nimesoma nimekaa, uwe na amani. Mimi mzima. Wifi yako anajifunza kuendesha gari na mtaa mzima umejifunza kukaa ndani. Msalimie Mama sana, mwambie aanze kukusanya maneno ya kunigombeza, nitayapokea kwa maandishi.

Umeniuliza swali ambalo hata usingizini nalijibu. Mbao tupu! Zigongwe misumari, zipigwe msasa mara tatu, kutoka mkali hadi laini, kisha vanishi ipakwe hapo hapo, tabaka juu ya tabaka. Sakafu inakuwa kitu kimoja. Ukipitisha kiganja hujui ubao huu umeishia wapi na mwenzake umeanzia wapi. Hizo za kiwandani haziwezi kupigwa msasa zikishalazwa, kwa sababu zimeshavaa vanishi yao, kwa hiyo wanazichonga kingo ili kuficha ubao ulio juu kidogo ya jirani yake. Unachopata ni vifereji kila mahali mbao zinapokutana, kama suti iliyoshonwa kwa kukadiria kwa macho. Usiniletee hiyo aibu kwenye nyumba ya Mama.

Wakati wa kazi Mama apelekwe kwa shangazi, wiki mbili tu, vumbi na harufu viishe, kisha arudi kwake.

Na jambo moja ambalo fundi yeyote mwenye akili anajua: mbao zielekee dirishani. Zikifuata mwanga, maungio hayaonekani. Zikiukata mwanga, kila kosa linapiga kelele.

Kuhusu safari, tutazungumza.

Kaka yako


Tarehe 15 Machi

Kaka,

Salamu kutoka kwa wote, pamoja na mwenye meno, ambaye sasa anauma. Mvua imenyesha, paa la Mama halijavuja, tumeshukuru.

Nilimsomea Mama barua yako yote. Alisikiliza huku anakunja ncha ya kanga, halafu akauliza, "Na kuja?"

Nikamwambia, "Anasema mtazungumza."

"Sasa hivi si ndiyo tunazungumza?"

Swali hilo, kaka, ni lako. Nakuachia wewe.

Ile habari ya wiki mbili kwa shangazi ndiyo iliyomwamsha. Alisema, "Wiki mbili za wifi yangu nazijua. Alikuja harusini kwetu kwa wiki mbili, akaondoka wewe unatambaa." Alicheka peke yake, kisha akakishika kiti chake kwa mikono miwili. Anaogopa. Anaogopa akivuka kizingiti hata kwa siku moja, mtu atafunga mlango nyuma yake na ufunguo utapotea. Siwezi kumfanyia hivyo. Na kubaki humo kwenye vumbi la msasa hawezi, kifua chake unakijua, hata nikifagia anakohoa.

Kwa hiyo nimekata shauri. Tunaweka za kiwandani. Hazina vumbi, hazina harufu. Zinalazwa leo, zinakanyagwa leo. Chumba kimoja kimoja, na Mama anahamia upande wa pili na kiti chake. Fundi niliyempata wanamwita Taratibu, kwa sababu ukimwambia fanya haraka anakaa chini kwanza. Lakini mkono wake msafi.

Kasirika, ukimaliza urudi.

Mkasi


Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Wifi yako amefaulu mtihani wa udereva. Mimi bado natembea kwa miguu, kwa hiari yangu.

Umeninyoa bila maji. Miaka yote hii nimepiga sakafu za watu magoti yakaota sugu, leo nyumba niliyozaliwa inawekwa mbao za kwenye boksi! Nilitamani kuichana barua yako. Wifi yako akanipokonya, akaisoma, akasema una haki. Nimezungukwa.

Haya. Kama ni lazima, basi zifanywe vizuri. Maboksi yaingizwe ndani siku kadhaa kabla, mbao zizoee hewa ya nyumba, la sivyo zitavimba zikishalazwa. Fundi afungue maboksi matatu au manne kwa pamoja achanganye, maana kila boksi lina rangi yake kidogo, na asipochanganya utapata sakafu yenye viraka. Aache nafasi ya kidole pembeni mwa ukuta, itafunikwa na ule ubao mwembamba unaopigwa chini ya ukuta. Na asipige nyundo moja kwa moja kwenye ukingo, vanishi itabanduka. Aweke kipande cha ubao katikati.

Na zielekee dirishani. Hapo sibadiliki. Kama vifereji lazima viwepo, angalau mwanga uvifiche.

Mwambie Mama nampenda. Kuhusu kuja, kazi zimenibana kidogo.

Kaka yako


Tarehe 2 Mei

Kaka,

Tuko salama. Nina mambo mawili, na la kwanza ni dogo. Fundi Taratibu alisikiliza maagizo yako, akaacha kutafuna, akasema, "Huyu kaka yako amelaza mbao za kiwandani nyingi." Nikamwambia hajawahi kuzigusa, amekula kiapo. Akasema, "Basi ameota." Mama alisikia. Akaniambia nimsomee barua yako tena, polepole.

La pili ndilo lililonifanya niache wateja nikae kuandika.

Jana Taratibu alilaza safu za kwanza sebuleni, kuanzia ukutani, zikielekea dirishani kama ulivyoamuru. Alipokwenda kula, Mama akaniita. "Nivue viatu, nikanyage." Nikamsimamisha juu ya mbao mpya. Akapitisha nyayo kulia, kushoto, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Akasema, "Ina mistari."

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia ndiyo, ni vile vifereji, kaka alituonya, tutaizoea.

"Nani amelalamika? Niache."

"Mama, utaanguka."

"Nimesema niache!"

Nikamwachia. Kaka, akaweka kidole gumba cha mguu kwenye ule mfereji na akaanza kwenda. Peke yake! Mikono mbele, mgongo umenyooka, anafuata mstari kama mimi ninavyofuata chaki kwenye kitambaa. Nilijiziba mdomo nisipige kelele. Akaenda hivyo mpaka, pu! kwenye kabati la vyombo lililo chini ya dirisha. Vikombe vikalia.

Akasimama, akashika kabati, akauliza kwa upole kabisa, "Na hii sakafu inanipeleka dirishani nikaangalie nini?"

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sijui. Kaka, tumempangia Mama sakafu ya watu wenye macho! Wewe, mimi, fundi, sote. Tumehangaika na mwanga, na mtu mwenyewe hajui mwanga uko wapi. Dirisha liko ubavuni. Mlango uko mbele. Bafu na jiko viko ukumbini. Na vile vifereji ulivyoviita aibu ndivyo kitu pekee katika nyumba hii kinachozungumza naye.

Nimemsimamisha Taratibu. Safu zilikuwa chache, namshukuru Mungu kwa uvivu wa fundi. Mbao zinang'olewa leo. Sasa nataka uvunje sheria zako zote, unichoree upya. Fanya haraka, Juni haiko mbali.

Mkasi


Tarehe 16 Mei

Mkasi,

Barua hii nimempa dereva wa lori anayekuja upande wenu, posta ingenichelewesha. Sote wazima. Salamu zimekwisha, sikiliza.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kisha nikachukua chaki nikaichora nyumba ya Mama kwenye sakafu ya ghala hapa kazini, kwa vipimo vyake, maana nyumba ile naijua kama kiganja changu. Nikafunga macho kwa kitambaa na kuvua viatu. Wenzangu waliacha kazi wakaja kutazama. Mmoja akapiga makofi nilipoingia "jikoni" nikakuta rundo la maboksi. Nilitembea asubuhi nzima. Mara ya kwanza nilipotea kwenye ukumbi wetu wenyewe, mimi niliyekimbia humo nikiwa sina hata kaptura. Ndipo nikaelewa Mama anaishi vipi.

Mchoro ni huu, mpe Taratibu. Ukumbini mbao zote zifuate urefu, kuanzia mlango wa chumba cha Mama hadi sebuleni, bila kupinda. Mbele ya bafu, aweke ubao mmoja uliokingama. Mbele ya jiko, mbao mbili zilizokingama. Akitoka chumbani, unyayo ukikuta mmoja, geuka kulia ni bafu. Ukikuta mbili, geuka kushoto ni jiko. Sebuleni zisielekee dirishani kabisa! Ziendelee kutoka ukumbini moja kwa moja hadi mlango wa mbele, na pale mlangoni zikingame tatu, ajue amefika. Kiti chake kikae pembeni ya mstari, kabati lihamishwe. Machoni itaonekana ya ajabu. Mwenye macho atajizoelea mwenyewe.

Hii ndiyo sakafu bora kuliko zote nilizowahi kupanga, na sijaigusa.

Kaka yako

(Karatasi hii ya pili usimsomee Mama.)

Taratibu hakukosea sana. Vumbi la msasa limekaa kwenye mapafu yangu. Daktari amenikataza mashine, nikiikaribia napumua kama mlango mbovu. Tangu mwaka jana niko kwenye duka la mbao, nasimama nyuma ya kaunta nimevaa shati jeupe, nauza. Nauza nini? Hizo hizo za kwenye boksi, Mkasi. Kutwa nzima naapa kwa wateja kwamba hakuna kama hizo. Ningekuja vipi bila mashine yangu, nikae mikono mitupu nitazame fundi mwingine anafanya kazi nyumbani kwetu? Nimeona haya. Ndiyo hayo.


Tarehe 29 Juni

Kaka yangu wa shati jeupe,

Leo salamu zitakuja baadaye. Tumeshinda!

Lakini nianze na kosa langu la kusoma barua yako. Nilipofika mwisho wa barua yako nikakunja. Mama akasema, "Kuna karatasi nyingine. Nimeisikia ikilia mkononi mwako." Nikamwambia ni mchoro. "Mchoro umeshanisomea. Soma." Nikasoma yote, kaka, nisamehe. Alijifuta uso, kisha akasema, "Mwambie kuuza mbao si wizi. Mwambie nilidhani ni mgonjwa wa kufa, au amefungwa, kila barua nilikuwa namzika moyoni. Na mwambie mwanangu haji kwangu kwa ajili ya mashine." Hayo ndiyo maneno yake, sijapunguza.

Taratibu aligoma kidogo. Alisema hajawahi kulaza mbao zilizokingama katikati ya ukumbi, watu wataona amelewa. Mama akamwita, akamwambia, "Watu wakikucheka, walete hapa, wafunge macho, tuone nani atafika jikoni." Jamaa akainama, akafanya kazi nzuri kama anatengeneza kitanda cha bibi harusi. Sasa anapita mtaani akisema wazo lilikuwa lake. Nimemwachia.

Siku za kwanza Mama alishika ukuta. Akahesabu kwa sauti: ubao mmoja, bafu, mbao mbili, jiko. Alikosea akaingia jikoni akitafuta taulo. Alinitukana mimi, akakutukana wewe, akarudi mwanzo. Nilikuwa nakuja asubuhi namkuta ameshatoka chumbani, anazunguka, miguu mitupu, amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda shambani. Siku moja nikakuta amejichemshia chai mwenyewe. Ilikuwa haina sukari. Niliinywa yote.

Jana shangazi alikuja. Gari limeoshwa, kiti cha nyuma kimewekewa mto, na amekuja na binti yake wa kusaidia kubeba mabegi. Mimi nilikuwa jikoni na Mama alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa. Hodi ikapigwa. Nikafuta mikono nikaanza kwenda, nikasikia Mama anasema kwa sauti kutoka huko ndani, "Usifungue. Mgeni ni wangu."

Nikajibana kwenye mlango wa jiko.

Akatoka. Alikuwa amevaa gauni la bluu nililomshonea, amechana nywele. Akapita bafu, akapita mbele yangu hata hakuninyooshea mkono. Akaingia sebuleni, kidole kwenye mstari, mikono imetulia ubavuni. Hodi ikapigwa mara ya pili, kwa nguvu. Mama hakuongeza mwendo. Alipokanyaga zile mbao tatu akasimama, akatafuta kitasa, akakipata mara moja, akafungua mlango wote.

Shangazi alikuwa ameshainua mkono kupiga mara ya tatu. Ukabaki hewani.

"Karibu, wifi," Mama akasema. "Viatu uache nje. Sakafu ni mpya."

Kaka, ningekuwa na kamera! Shangazi alitazama nyuma ya Mama, kulia, kushoto, akimtafuta aliyemshika. Hakuna mtu. Akaniona mimi kule mbali jikoni, sufuria mkononi, meno yote nje. Akavua viatu. Yeye, aliyeingia hata msibani na viatu, akavua! Akaingia, na Mama akamtangulia hadi kwenye viti, akamwonyesha pa kukaa, akaenda jikoni mwenyewe kumletea maji. Shangazi alimfuata kwa macho mwendo wote. Bilauri ilipofika mkononi mwake haikuwa imemwagika hata tone, naye alikuwa analia waziwazi, bila kujificha. Akasema, "Wifi yangu, nilikuwa naogopa tu." Mama akasema anajua.

Walikaa wakapiga soga mpaka binti akasinzia. Kabla ya kuondoka shangazi alifunga macho akajaribu kwenda bafuni. Akaishia ukutani. Walicheka wote wawili kama wasichana.

Nikamsindikiza hadi garini. Aliondoka na ule mto peke yake kwenye kiti cha nyuma. Niliporudi, Mama alikuwa bado amesimama mlangoni, anasikiliza gari likienda. Lilipokata kona nikamnyooshea mkono nimrudishe ndani, mazoea tu, wala sikufikiri.

Akaupiga kofi, akapita.

Mdogo wako, ambaye mkono bado unamwasha kwa furaha,
Mkasi